Nani Anapiga Picha za Makufuli?

Machi 9

Nimefungua daftari hili kwa sababu za kisayansi. Mvua zimeanza, na mbao ikipata unyevu huvimba kama mtu aliyesifiwa mbele za watu. Nataka kujua mishiko yangu itavumiliaje msimu mzima, ili mteja akiniuliza nisimjibu kwa mdomo, nimjibu kwa maandishi. Mdomo ninao, tena mkubwa, lakini siku hizi watu wanataka karatasi.

Kwa atakayeliokota daftari hili nikishakuwa maarufu: mimi ni fundi wa mishiko ya kamera. Wako watu bado wanapiga picha kwa filamu, tena kwa zile kamera za zamani za chuma ambazo huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, mle ndani unaona picha mbili zimepishana, unazungusha lenzi mpaka zikae pamoja kama mke na mume waliosuluhishwa. Kamera nzuri mno. Kasoro yake ni moja: waliozitengeneza walidhani mkono wa binadamu ni wa mstatili. Ni tofali linaloteleza. Jasho kidogo tu, tofali liko sakafuni na mwenyewe analia. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nachonga mshiko wa mti mgumu unaofungwa kwa skrubu chini ya kamera, nakunja kipande cha shaba cha kuegemeza gumba, nakichomeka juu pale pa kuwekea flashi, nakata mkanda wa ngozi. Mtu aliyekuwa anatetemeka anatoka dukani kwangu ameshika kamera kama amezaliwa nayo.

Na nimetembea mimi. Miaka tisa nimepika melini, nimelala bandari ambazo wasomi wanazioneshana kwenye ramani. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, jambo hili hatujakubaliana.

Chumba cha nyuma cha duka ni cha giza, na humo yumo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Anasafisha filamu za wateja, na usiku analala humo humo. Alifungwa kwa kuvunja duka la watu. Wamemtoa kabla ya muda kwa masharti: awe na kazi, awe na mdhamini, aripoti ofisi ya uangalizi kila mwezi mpaka imalizike miezi kumi na minne iliyobaki. Akiteleza, anarudi kuimalizia ndani. Wakati wa kutafuta mdhamini ndugu zake wa damu walikohoa wakatazama dari. Mimi nikatia sahihi, kubwa, mpaka ikatoka nje ya mstari.

Machi 12

Nimevumbua! Kofia ya kitufe. Kitufe cha kupigia picha kwenye kamera hizi ni kidogo kama punje ya pilipili manga, nacho kina tundu katikati. Nimetengeneza kofia ya shaba, pana kama kizibo cha soda, yenye skrubu ya kuingia kwenye lile tundu. Hubonyezi tena, unalaza kidole tu na picha imepigwa. Mkono hautikisiki hata chembe.

Nilimwita shemeji aje aone. Akaigeuza geuza.

“Shemeji, hii si kofia, hii ni sinia.”

“Wivu.”

“Naulizia tu. Tukiweka vikombe vingapi itaanza kupiga yenyewe?”

Nikacheka. Kijana ana maneno. Kofia imefungwa kwenye kamera yangu mwenyewe, ninayoitembeza mchana kutwa kwa ajili ya majaribio. Naivaa shingoni, inaning'inia chini ya kitambi, lenzi ikitazama mbele, ndani ya koti la mvua nisilolifunga vifungo. Nimeitegesha umbali wa hatua mbili, tayari kwa lolote.

Machi 13

Mvua. Mshiko haujavimba. Aliyevimba ni mimi, kwa fahari.

Machi 17

Kuna jambo limenikera kidogo. Mimi nikishapiga picha navuta filamu hapo hapo, kamera inakaa imeshajazwa. Askari hatembei na bunduki tupu. Leo nimeiweka mezani, nikachonga saa nzima, nilipoichukua nikakuta mkono wa kuvutia filamu umelegea. Ukilegea maana yake picha imepigwa. Sikupiga mimi.

Nikamwuliza, “Shemeji, umeshika kamera yangu?”

Akatoa mikono yake kwenye mlango wa chumba cha giza, inachuruzika dawa. “Kwa mikono hii?”

Sawa.

Machi 18

Imepigwa tena.

Machi 19

Tena! Mara mbili.

Machi 20, Jumapili

Nimeshinda nyumbani, miguu juu ya stuli, kamera imening'inia msumarini. Haikuguswa. Na shemeji hakuwepo, alikwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa. Yeye akiwa mbali, kamera salama. Sitaki kusema kitu. Naandika tu.

Machi 24

Nimetega. Niliwahi kusoma, au nilisimuliwa na baharia mmoja aliyewahi kusoma, kwamba ukitaka kumjua mdokozi unatandaza uzi. Nimefika dukani, nimeweka kamera mezani, nimelaza uzi mweusi juu yake, nikatoka kwenda kunywa chai. Nimerudi, uzi uko vilevile. Nikacheka kwa furaha, nikavuta mkono wa filamu. Umelegea!

Kwa hiyo kaijua habari ya uzi. Ameutoa, amepiga, ameurudisha kama ulivyokuwa. Huyo si mtu wa kawaida. Mkono wa namna hiyo haukufundishwa shuleni.

Nilimtazama akikosha vikombe. Ana tabia hiyo, akiamka asubuhi kazi ya kwanza ni kukosha vikombe na kupangusa meza yote. Zamani nilidhani ni adabu. Leo nimejiuliza: mtu anapangusa kila mahali anapogusa, anafuta nini?

Machi 25

Mvua kubwa. Bati linapiga kelele mpaka hatusikiani. Mshiko wa mteja mmoja, daktari wa meno, umefika salama kwake. Nilipeleka mwenyewe.

Machi 30

Filamu yangu imekwisha, picha thelathini na sita, na kwa hesabu yangu mimi nimepiga ishirini na saba. Kwa kawaida ningeisukuma chini ya mlango wa chumba cha giza, kesho yake nizikute picha mezani. Leo nimeitia mfukoni nikaenda mtaa wa tatu kwa Mzee wa Studio. Mtu huyu kwa miaka saba nimekuwa nikimwita mchoma picha, naye ananiita seremala. Alipoona filamu mkononi mwangu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

“Fundi wako wa giza kaugua?”

“Nina haraka.”

“Mwenye haraka haji kwangu,” akasema. “Keshokutwa.”

Aprili 1

Nimezipata. Nimekaa nazo kwenye benchi la nje la ofisi ya posta kwa sababu sikutaka kuzifungua dukani wala nyumbani.

Picha zangu ishirini na saba ni nzuri, sijisifu, basi ni nzuri tu. Halafu zinafuata tisa ambazo si zangu. Zote zimepigwa kwa kimo cha kiunoni. Moja imepinda, nyingine ina ukungu, lakini katikati ya kila moja kuna kitu kimoja.

Kufuli.

Au kitasa, au komeo. Geti la daktari wa meno, kufuli lake la shaba linaonekana mpaka tundu la ufunguo. Mlango wa mama mwanasheria, mteja wangu. Komeo la ghala la muuza vitambaa, aliyenunua kwangu mkanda wa ngozi. Nyingine ni komeo la mlango wa choo, na nimelitambua, ni choo cha uani kwa mwanasheria. Na tatu ni za kitasa cha duka letu wenyewe.

Wateja wangu wote! Na shemeji ndiye anayewapelekea picha majumbani, bahasha mkononi, tabasamu usoni, “Shikamoo mama, zimetoka vizuri.” Anazijua njia zote. Mwizi wa siku hizi havunji kwa kubahatisha, anapiga picha ya kufuli, anakwenda kutafuta ufunguo wake kwa utulivu. Na anapiga kwa kiunoni ili asionekane ameinua kamera. Nimeona ujanja mwingi bandarini, huu sikuwahi kuuona.

La choo ndilo lililonisumbua. Anataka nini chooni? Nikafikiri mpaka nikapata: dirisha la nyuma.

Nimezificha picha tisa ndani ya daftari hili, na daftari chini ya kisanduku cha msasa.

Aprili 3

Siwezi kula nikashiba. Nyumbani mke wangu amempakulia ndugu yake kipande kikubwa cha nyama, naye akakigawa akaniwekea nusu. Nikamtazama. Mtu anampa nyama mtu anayemwibia?

Mke wangu akasema, “Mbona unamwangalia mdogo wangu kama samaki wa juzi?”

“Nimechoka.”

“Ukichoka huwa unaongea mara mbili. Wewe umenyamaza. Kuna kitu.”

Nikasimulia kisa cha mpishi aliyeanguka kwenye pipa la unga. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Mimi mwenyewe sikuisikia ladha yake.

Aprili 4

Mshiko mmoja umepasuka ufa mdogo. Unyevu. Nimeandika kwa kuwa niliahidi sayansi.

Aprili 8

Limetokea. Muuza vitambaa amepita dukani asubuhi, koti linadondosha maji, anasema, “Mmesikia? Geti la daktari wa meno, kufuli limevunjwa. Limekatwa kwa msumeno!”

Nikamgeukia shemeji. Alikuwa amesimama na bahasha. Akasema, “Loo, maskini. Kaibiwa nini?”

Sauti ya huruma kamili. Kufuli lile lile la shaba, ninalo hapa chini ya msasa, picha ya nne.

Aprili 10

Nimefikiri siku mbili. Najiambia: umejitia udhamini mbele ya serikali. Akiiba ukiwa unajua, umeiba naye. Wateja hawa wamenipa kamera za baba zao, vitu ambavyo havitengenezwi tena duniani, wakaniamini. Halafu najiambia: huyu ni mtoto aliyebeba maua kwenye harusi yangu, akayaangusha, akalia. Halafu naziangalia zile picha tena.

Aprili 14

Nimekwenda.

Ofisi ya uangalizi ina mlango wa chuma mzito wenye komeo chini kabisa, karibu na goti, sijui limewekwa na mbilikimo gani. Mvua ilikuwa inapiga, mwavuli mkono mmoja, koti limefunguka, nikainama nikahangaika nalo mpaka likafunguka. Ndani kuna mama afisa, miwani imefungwa kamba shingoni, meza imejaa mafaili. Ni mama wa heshima, haongei neno asilolihitaji.

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa mbali, lakini mdomo wangu ukishafunguka haujui kona. Nikasema nina wasiwasi, nikasema kamera, nikasema makufuli, nikasema daktari wa meno.

“Umemwona kwa macho?” akauliza.

“Nimemwona kwa picha, mama.”

“Yeye yumo kwenye picha?”

“Yeye ndiye mpigaji. Mpigaji hayumo.”

Akaandika. Kalamu yake ina mlio. Akaandika ukurasa mzima, akanisomea, akanipa nitie sahihi. Safari hii sahihi yangu ilikuwa ndogo, nilishangaa udogo wake.

“Tutamwita tarehe mbili Mei. Ikithibitika, atarudi kumaliza kifungo chake. Usimwambie.”

Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua muda mrefu, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Aprili 15

Asubuhi nimekuta kamera imepigwa. Nimejaribu kukumbuka niliiacha wapi jana. Labda wakati naoga. Atakuwa alipita nyumbani.

Aprili 16

Mvua.

Aprili 17

Mvua. Shemeji kaniletea dawa ya kikohozi, anasema nimekohoa wiki nzima. Nimeinusa kwanza.

Aprili 21

Filamu ya pili imekwisha. Sasa nimepanga mtego wa mwisho. Nimempa yeye mwenyewe aisafishe. Nimehesabu: zangu ni ishirini na tisa, za ziada saba. Akizikata zile saba akaniletea ishirini na tisa tu, amejifunga mwenyewe, sihitaji ushahidi mwingine. Nimeisukuma chini ya mlango, nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Polepole tu, haina haraka.”



Aprili 22

Nitaandika yote, hata mkono ukiuma.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Nilikuwa napiga msasa egemeo la gumba. Shemeji akatoka chumba cha giza ameshika ukanda wa filamu, bado unadondoka maji, ameuinua kwenye mwanga wa dirisha. Hajakata kitu. Thelathini na sita, zote. Akautazama kwa lenzi ya kukuzia, picha moja baada ya nyingine, huku anatabasamu, kwa sababu nilimpiga paka wa jirani akiwa amevaa kofia ya mlinzi. Halafu tabasamu likasimama.

“Shemeji,” akasema. “Ulikwenda lini kwa mama afisa?”

Nikasema, “Afisa gani?”

“Huu mlango naufungua kila mwezi. Komeo liko chini, limeliwa kutu kushoto.” Akanisogezea ukanda. “Mimi siku yangu ilikuwa tarehe tano. Siku hiyo filamu hii ulikuwa hujafika hata robo, na picha hii imevuka katikati. Nani kaupiga?”

Nikautazama. Kweli, mlango wa chuma, komeo, na pembeni ncha ya mwavuli. Mwavuli wangu, una kiraka cha manjano.

Nikaenda kwenye kisanduku cha msasa, nikatoa zile picha tisa, nikaziweka mezani. Akazipanga moja moja. Alipofika kwenye ile ya chooni akaniangalia.

“Mimi kwa mwanasheria naishia getini. Nimeingia lini chooni kwake?”

Aliyeingia ni mimi. Nililemewa na chai yake, nikaomba njia, na mvua ilikuwa inanyesha, na komeo lile ni gumu, niliinama.

Akaichukua kamera yangu mezani, akavuta mkono wa filamu, ndani hamna kitu, akanivalisha shingoni kama daktari anavyomvalisha mtoto bandeji. “Vaa na koti. Haya. Nenda ukafungue mlango.”

“Shemeji…”

“Fungua mlango, shemeji.”

Nikaenda kwenye mlango wa duka. Kitasa chetu kiko chini kidogo. Nikainama. Kamera hizi sauti yake ni ndogo, ni kama mtu anameza mate, na siku zote bati lilikuwa linapiga kelele, lakini leo mvua ilikuwa imekatika. Nikasikia. *Kch.*

Kitambi changu kilikuwa kimelala juu ya kofia ya kitufe, kama kidole kinene cha mtu mvivu. Lenzi ilikuwa inatazama kitasa.

Nikainuka, nikavuta filamu, nikainama tena. *Kch.*

Kila mlango niliofika mvuani, kila komeo nililoinamia, nililipiga picha mimi. Nimeshinda mwezi mzima nikimwinda mtu niliyembeba chini ya shati langu mwenyewe. Na uzi! Uzi niliutandaza baada ya kufungua mlango. Na Jumapili sikufungua mlango wowote.

Nilianza kucheka, Mungu anisamehe, kicheko kikanitoka. Shemeji hakucheka.

“Ulimwambia nini mama afisa?”

Nikamwambia. Neno kwa neno, mpaka ile ya daktari wa meno. Akakaa kwenye stuli ya wateja.

“Ungeniuliza,” akasema.

“Nilikuuliza.”

“Uliniuliza kama nimeshika kamera. Hukuniuliza kama naiba. Ungeniuliza hilo ningekasirika, tungetukanana, ingekwisha. Wewe ukaenda kwa wale watu.” Akaitazama mikono yake. “Unajua mle ndani wanatuhesabu mara ngapi kwa siku? Mimi hapa nilikuwa nimeanza kusahau idadi.”

Akarudi chumba cha giza. Alifunga mlango taratibu, na afadhali angeubamiza.

Aprili 23

Mke wangu ameambiwa. Nilimwambia mwenyewe, nimesimama, kwa sababu kukaa niliona aibu. Alikuwa anakunja nguo. Akakunja mpaka zikaisha, akafunua moja, akaikunja tena.

“Ulipotaka kumdhamini nilikukataza,” akasema. “Nilisema, usimchukue kama unataka kusifiwa. Ukasema una moyo mkubwa.”

“Ninao.”

“Unao. Una nafasi ya kila kitu mle. Jumatatu unakwenda kuwaeleza. Na utavaa hilo lidude lako shingoni wakuone.”

Aprili 25, Jumatatu

Nimekwenda na shemeji. Njiani hakuna aliyesema kitu, na mimi ukiona njia nzima sijasema kitu, ujue dunia imeinama upande.

Ofisi ilikuwa imejaa watu kwenye foleni. Mama afisa akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

“Unaniambia picha hizi zimepigwa na tumbo lako.”

“Ndiyo, mama.”

“Nioneshe.”

Nikavaa koti, nikatoka nje, nikaingia, nikainamia lile komeo mbele ya watu arobaini. Mara ya kwanza, kwa msiba wangu, haikulia. Mzee mmoja kwenye foleni akasema, “Vuta pumzi, halafu achia lote!” Nikaachia lote. *Kch.* Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema, “Huyo tumbo lake lina kipaji, lipelekwe shule.” Nilirudia mara tatu, afisa akiwa amesimama karibu, sikio lake likiwa pale kwenye kamera, uso mkavu kama karatasi. Mimi ambaye siku zote nataka watu wanicheke, leo nimechekwa mpaka basi, na sikupenda. Nilimtazama shemeji. Alikuwa anatazama sakafu.

Tukarudi mezani. Nikasema, “Basi, mama, chana ile karatasi yangu.”

“Kilichoandikwa hakichanwi. Tunaandika cha pili chini yake.” Akaandika, kalamu ikilia. “Yeye hana kosa. Wito wa tarehe mbili nimeufuta. Lakini mdhamini aliyemtuhumu mtu wake hawezi kuendelea kumdhamini. Ndiyo utaratibu. Ana siku saba kupata mdhamini mwingine na mahali pengine pa kazi. Asipopata, sina la kufanya, anarudi.”

“Nimeshasema nilikosea!”

“Nimeandika hivyo pia, baba.”

Aprili 26

Ndugu zake wa damu wamekohoa tena, wametazama dari.

Aprili 27

Muuza vitambaa amekataa. Mwanasheria anasema kazi yake haimruhusu. Daktari wa meno hakuwepo, ila nilimkuta mlinzi wake, nikamwuliza habari za kufuli. Akacheka. “Daktari mwenyewe kalikata! Alipoteza ufunguo, akaona aibu kumwambia mkewe.” Nikakaa ukingoni mwa barabara.

Aprili 29

Nimekwenda mtaa wa tatu. Nimesimama mbele ya mtu niliyemwita mchoma picha kwa miaka saba, nikavua kofia.

Mzee wa Studio akanisikiliza huku anakata karatasi. “Kwa hiyo unanipa fundi wako bora.”

“Nakupa shemeji yangu.”

“Ana mkono mzuri?”

“Kuliko wako. Kuliko wangu.” Sikumbuki kama nimewahi kuisema sentensi hiyo ya mwisho kwa mtu yeyote. “Na si mwizi. Mimi ndiye niliyesema ni mwizi, na mimi ndiye ninayekwambia si mwizi, kwa hiyo sijui utaniaminije.”

“Nitamwamini yeye,” akasema, akafunga mkasi. “Aje kesho nimwone. Jumatatu nitakwenda kutia sahihi kwa afisa.”

Mei 2

Ameondoka. Amekosha vikombe kwanza. Amechukua beseni zake tatu, kipimajoto, taa nyekundu na godoro. Nilitaka kumbebea godoro, akasema, “Acha, shemeji, nitaweza.” Nimekaa kwenye benchi nikasikia duka jinsi lilivyo kubwa.

Mei 9

Nimewazungukia wateja wanne niliowauzia kofia ya kitufe. Nimezirudisha zote, nimewapa nyingine ndogo, isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Mmoja akalalamika kwamba ile pana alikuwa anaipenda. Nikamwuliza, “Filamu zako huwa zinapungua?” Akasema, “Eh, wanangu wananichezea kamera, nimewachapa.” Nimemwambia awanunulie soda, mara moja, na anisikilize kwa makini. Nilimwonesha mlangoni kwake. *Kch.* Akawaita watoto.

Mei 20

Mvua zimepungua. Mishiko saba mizima, mmoja una ufa. Sayansi imekamilika.

Juni 3, Ijumaa

Jua. Nimekuwa na filamu moja mfukoni wiki tatu, na nimepita mtaa wa tatu mara nyingi nikijifanya ninaelekea kwingine. Leo nimeingia. Foleni ilikuwa ya watu watano, nikasimama nyuma kama mteja yeyote. Shemeji yuko kaunta, amevaa aproni mpya. Kanenepa kidogo, au ni mwanga.

Ilipofika zamu yangu nikaweka filamu mezani.

“Zote umezipiga wewe?” akauliza, bila kuinua macho.

“Zote. Nimehesabu.”

“Siku tatu.”

“Kwangu ulikuwa unatoa siku moja.”

“Kwako nilikuwa nalala mle mle.” Akaandika kwenye bahasha, akairarua risiti, akaishika hakunipa. “Dada hajambo?”

“Hajambo. Anakuuliza kila siku. Ananinyima usingizi.”

“Vizuri akunyime.” Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaanza kusonya. Shemeji akanikabidhi risiti. “Mwambie Jumapili nitakuja kula.”

Nikaitikia kwa kichwa, nikaanza kuondoka, nikarudi. “Mimi nikatembee? Nina pahali naweza kwenda. Nitarudi jioni, mkishakula.”

Alikwishachukua filamu ya yule mwanamke. Akaiandikia bahasha.

“Ukiwepo,” akasema, “uwepo.”

Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu. Alikwenda kuhesabu sahani kabatini, akatoa tatu, akazifuta vumbi, ingawa leo ni Ijumaa.